Kupiga Picha za Muziki kwa Kujitegemea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa yule anayetaka kuanza kupiga picha za wanamuziki na maonyesho bila kuwa na mwajiri. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na Zanzibar, kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi. Sheria ya Kenya nimeigusa pale inapoweza kukuumiza mfukoni usipoijua. Soma linalokuhusu, mengine ruka.

Nani hasa anamlipa mpiga picha wa muziki?

Wanaoanza huwa wanamfikiria staa. Staa mkubwa ana mpiga picha wake anayesafiri naye, na nafasi hiyo haitangazwi popote. Pesa ya mgeni iko kwingine. Iko kwa promota anayetaka picha za shoo ya mwaka huu ili azitumie kuuza ya mwakani. Iko kwa kampuni ya bia au ya simu iliyodhamini, kwa hoteli yenye bendi kila wikiendi, kwa bendi inayoomba nafasi kwenye matamasha na haina picha ya kutuma, na kwa msanii chipukizi ambaye wimbo umekamilika lakini hana cha kuweka kwenye jalada. Magazeti hulipa kidogo, usiyawekee matumaini.

Mlipaji mzuri kuliko wote ni mdhamini, naye hana haja na machozi ya mwimbaji. Anataka bango lake, umati, na bidhaa yake mkononi mwa mtu anayecheka, vyote ndani ya fremu moja. Piga hizo mapema, watu wakiwa hawajatota jasho, kisha usiku uliobaki ni wako.

Sijulikani popote. Nianzie wapi?

Anzia kwenye bendi inayopiga kila wiki mahali palepale. Kama utachukua ushauri mmoja tu hapa, chukua huu. Vijana wengi hukimbilia tamasha kubwa, wanabanwa nyuma ya uzio mbali na jukwaa, wanarudi nyumbani na picha za mtu mdogo mbele ya skrini kubwa. Picha hizohizo wanazo watu elfu wengine kwenye simu zao. Hakuna atakayekuajiri kwa picha hiyo.

Bendi ya kila wiki ni shule. Wiki hii umekosa, wiki ijayo unarudi, nyimbo ni zilezile na taa ni zilezile mbovu. Ukishausikia wimbo mara kadhaa unajua sebene, ile sehemu ya gitaa na kucheza, linaingia wapi, waimbaji watarudi nyuma saa ngapi, mpiga solo atapiga hatua mbele kwa mguu upi. Mtazame mpiga tarumbeta. Akimaliza kipande chake anamwaga maji ya chombo, anajifuta mdomo kwa kiganja, anasubiri. Kabla hajapuliza tena atalamba midomo na kumtupia jicho mwenzake wa saksafoni. Hapo kidole chako kiwe kimeshagusa kitufe. Mambo ya namna hii hayafundishwi kwenye video za mtandaoni, kwa sababu kila bendi ina ya kwake.

Nao wa kupigwa picha wapo. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Mlimani Park, wana Sikinde, walianza 1978. Visiwani kuna vikundi vya taarabu, Ikhwani Safaa ya tangu 1905 na Culture Musical Club ya 1958, na kuna wanafunzi wa DCMA, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe kilichofunguliwa 2002. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa, na wanafunzi wake. Hawa wana historia ndefu kuliko mastaa wengi unaowakimbilia, lakini ukiwatafuta mtandaoni mara nyingi unakuta picha iliyopigwa kwa simu kutoka mezani, chupa ya bia imeziba nusu ya mpiga ngoma. Pengo lako ni hilo.

Singeli nayo, ule muziki wa kasi wa mitaani, usiipuuze kwa kuwa iko uswahilini. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipoanza kutoa singeli ya Dar es Salaam mwaka 2017, wasanii wa mtaani wakajikuta kwenye majukwaa ya Ulaya, na huko waandaaji wanataka picha. Aliyekuwa anawapiga uani kabla hawajapanda ndege ndiye mwenye picha hizo.

Nimeipata bendi. Namwendea vipi kiongozi wao?

Kwa adabu na kwa wakati. Nenda siku ya kwanza bila kutoa kamera, kaa, sikiliza. Wakati wa mapumziko mfuate kiongozi wa bendi, mpe shikamoo yake kama ni mtu mzima (na kwenye dansi na taarabu mara nyingi ni mtu mzima), jitambulishe, mwambie unajifunza na ungependa kuja kupiga picha. Zungumza na mwenye ukumbi pia, maana bendi ikikubali na baunsa hajui, utatolewa nje.

Wiki inayofuata mpelekee kila mwanamuziki picha yake moja iliyosafishwa kwenye karatasi. Usitume tu kwa WhatsApp. Mpiga besi mwenye miaka hamsini stejini pengine hana picha yake hata moja akiwa kazini, na hiyo karatasi itakaa sebuleni kwake. Baada ya hapo utakuwa unapigiwa simu mabadiliko ya ratiba yakitokea.

Sina kamera ya maana. Naweza kuanza na simu?

Unaweza kuanza, huwezi kubaki nayo. Simu inafaa mchana: mazoezi ya bendi, picha za wasanii nje ya studio, mikono ya fundi anayefunga nyuzi za gitaa. Usiku, mwanga ukiwa mdogo na mtu anacheza, simu hupunguza kasi na kupaka kila kitu ukungu. Ukiitumia, usikuze kwa vidole, sogea wewe.

Basi ninunue nini, na kwa mpangilio gani?

Kamera iliyotumika, yenye lenzi za kubadilisha, kutoka kampuni ambayo lenzi zake zinapatikana mjini kwako. Halafu lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi), ambayo ndiyo rahisi kuliko zote zinazoona gizani. Lenzi inayokuja na kamera kwa kawaida inafika f/5.6 ukivuta mbele, na kwenye baa yenye tyubu moja ya buluu haina msaada. Kisha betri ya pili na memori kadi mbili. Flashi, begi la bei mbaya, mguu wa kamera: vyote visubiri.

Lenzi ya 70–200 ya f/2.8, ile nyeupe au nyeusi ndefu inayotamaniwa na kila mtu, kodi siku ya kazi inayolipa. Bei yake mpya inaweza kuzidi ya kamera yenyewe.

Ukinunua mtumba Kariakoo au kwa mtu binafsi, usilipe kabla ya kufanya haya. Toa lenzi, iwashie tochi ya simu kutoka upande wa nyuma, uitazame kwa mshazari: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Ulizia kamera imeshafyatuliwa mara ngapi, kisha hakikisha mwenyewe kwa programu, kwani kamera nyingi za kiwango cha kati zimetengenezwa zivumilie mifyatuo kati ya laki moja na laki mbili. Piga ukuta mweupe kwa tundu dogo la f/16 uone madoa ya kihisio, kile kioo cha ndani kinachopokea picha. Chomeka kadi, jaribu kila kitufe, na uombe risiti yenye namba ya kamera. Kamera ya wizi inaweza kukupeleka polisi ukiwa na kosa la kutoomba risiti tu.

Mipangilio gani inafaa kwenye giza la ukumbini?

Weka kamera kwenye hali ya mkono (M), upange kila kitu mwenyewe. Mashine ikiachiwa ijiamulie, itaona ukumbi mweusi na kumwunguza mwimbaji aliyemulikwa hadi uso uwe karatasi. Anza na tundu f/2 au f/2.8, kasi 1/200 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, 3200. Piga moja, tazama uso, rekebisha ISO. Chengachenga za ISO 6400 mteja hazioni; ukungu wa mkono uliotikisika anauona hata kwenye simu. Mchezaji wa singeli atahitaji 1/500 au zaidi. Taarabu, ambako watu wamekaa na kanuni, ile ala ya nyuzi, iko mapajani, 1/125 inatosha.

Sasa tatizo linalowatesa wengi huku kwetu: picha tatu mfululizo, moja njano, moja nyeupe, ya tatu nusu yake giza. Kamera yako haijaharibika. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo tyubu na balbu rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho haliyaoni lakini kamera ya kasi inayaona. Teremsha kasi hadi 1/100, ambayo inameza mpepeso mzima. Kasi hiyo ni ndogo kwa mtu anayecheza, basi subiri mwimbaji anapovuta sauti ndefu. Mtu anayevuta sauti hutulia mwili mzima. Taa za LED za bei poa zina mpepeso wao tofauti na zinaacha michirizi ya mlalo, hasa ukitumia shata (kifunguo cha mwanga) ya kielektroniki, ile isiyo na mlio. Rudi kwenye shata ya kawaida, na kama kamera yako ina sehemu ya kuzuia mpepeso, iwashe.

Tatizo la pili ni taa nyekundu na buluu. Uso uliomulikwa kwa nyekundu tupu hupoteza alama zote, unabaki doa. Grafu ya jumla ya mwanga itakudanganya kwamba kila kitu ni salama; washa grafu ya rangi tatu utaona nyekundu imegonga ukuta. Punguza mwanga hatua moja au hata zaidi, piga kwa faili la RAW, lile ghafi linalohifadhi taarifa zote za picha, na kama bado haifai, geuza nyeusi na nyeupe. Kuna dawa rahisi zaidi ambayo wapiga picha wengi hawaitumii: mfuate fundi wa taa wakati wa majaribio ya sauti, umsalimie, umwombe dakika mbili za mwanga mweupe katika wimbo fulani. Mara nyingi atakupa, kwa sababu hakuna anayemkumbukaga.

Flashi je?

Usiitumie kwenye onyesho isipokuwa msanii amekubali. Inamkera aliyeko jukwaani na inaua mwanga ambao fundi wa taa ameuhangaikia. Kwenye kigodoro, ile sherehe ya ngoma ya usiku mtaani, ambako hakuna taa kabisa, uliza, kisha itumie kwa nguvu ndogo.

Pasi ya kupiga picha kwenye tamasha naipataje?

Kwa kuomba mapema, kwa maandishi, ukiwa na kazi ya kuonyesha. Chukua Sauti za Busara, inayofanyika Ngome Kongwe, Zanzibar, karibu kila Februari tangu 2004. Tamasha la namna hiyo lina utaratibu wa maombi ya vyombo vya habari, na anayebisha hodi getini siku ya kwanza amechelewa. Barua pepe yako iwe fupi: wewe ni nani, unapigia nani picha, zitatumika wapi, na kiungo cha picha 15 hadi 20 bora. Wakiona hamsini watachoka kabla hawajafika kwenye nzuri. Ukiweza kupata barua kutoka kwenye gazeti, redio au tovuti inayoahidi kuzitumia picha zako, nafasi yako inaongezeka sana. Hapa ndipo zile picha za bendi ya kila wiki zinapolipa, maana zinaonyesha kwamba unajua kupiga muziki, hata kama jina lako halijasikika.

Usiujenge mwaka wako juu ya tamasha moja. Busara yenyewe ilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, na ndiyo tamasha lililokomaa kuliko mengi.

Ile kanuni ya nyimbo tatu ni nini?

Kwenye shoo kubwa, hasa za wasanii wa nje, wapiga picha huruhusiwa kukaa mbele ya jukwaa nyimbo tatu za mwanzo, bila flashi, halafu wanatolewa. Usibishane na baunsa. Kwa hiyo fika ukiwa umeshasikiliza nyimbo zake na umeshaseti kamera wakati wa msanii wa utangulizi. Wimbo wa kwanza mara nyingi taa ni hafifu; usikate tamaa. Ukitolewa usiende nyumbani, nenda nyuma kabisa upige umati na jukwaa zima.

Kuna miiko gani nikiwa mbele ya jukwaa?

Inama. Watu waliolipa kiingilio wako nyuma yako. Usipande jukwaani bila ruhusa, usikanyage nyaya, usiweke begi juu ya spika. Mwenzako akiwa na fremu nzuri, mpishe, naye kesho atakupisha.

Taarabu ina la kwake. Shabiki anapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti zikiwa zimekunjuliwa mkononi, anakwenda polepole, anacheza, anaonekana. Hiyo ndiyo picha ya usiku, na ndiyo wakati wapiga picha wanajazana njiani mpaka mtunzaji anakosa pa kupita. Kaa pembeni ya jukwaa, upande wa fidla, upate uso wa mwimbaji na mkono wa mtunzaji kwa pamoja. Lakini kumbuka kwamba huyo mama anayetunza hakuja kwako: wengine wanatunza kwa sababu zao, kuna fumbo linalopelekwa meza ya pili, na picha ikizagaa inaweza kuzua ugomvi. Kabla ya kuiweka mtandaoni, muulize.

Harusini na kwenye shughuli za wanawake?

Kama ni shughuli ya wanawake watupu, anayepiga ni mwanamke, na picha haziondoki bila ruhusa ya mwenye shughuli. Watu wamevua mabuibui wakijua wako wenyewe. Dada wanaofanya kazi hii kwa uaminifu wana soko ambalo mwanamume hawezi kuligusa, na linakua kwa kuambizana tu.

Nitoze kiasi gani?

Hakuna bei ya taifa, lakini kuna hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kamera na lenzi vimekugharimu shilingi milioni 3, na unakisia vitafanya shughuli 150 kabla ya kuhitaji vingine. Kila shughuli imekula 20,000 ya vifaa. Ongeza bodaboda au bajaji ya kwenda, na ya kurudi saa nane usiku ambayo ni ghali zaidi, tuseme 15,000. Bando la kupakia picha 5,000. Hiyo ni 40,000 kabla hujajilipa hata senti. Sasa hesabu saa: nne ukumbini, nne za kuchagua na kusafisha, moja ya njiani. Ukitaka 10,000 kwa saa, bei yako ni 130,000. Anayekupa 50,000 anakulipa kama elfu moja kwa saa.

Fanya hesabu hiyo kwa namba zako, uandike mahali. Ukishaijua, mazungumzo ya bei hayakutetemeshi. Bendi ndogo unaweza kuipunguzia kwa hiari yako, kwa sababu inakupa nafasi ya kujifunza na picha za kuonyesha. Mdhamini mwenye mabango mjini mzima humpunguzii, na akitaka kuitumia picha kwenye bango la barabarani, hiyo ni bei nyingine tofauti na ya kupiga shoo.

Chukua kianzio. Nusu kabla ya siku ya kazi ni kawaida. Promota ambaye hana nusu kabla ya shoo, baada ya shoo atakuwa na maneno mazuri na simu isiyopatikana.

“Njoo upige bure, tutakutangaza.” Nijibu nini?

Uliza maswali mawili. La kwanza: kuna mtu mwingine analipwa? Kama fundi mitambo, mabaunsa na dijei wanalipwa, wewe pia ni wa kulipwa. La pili: ninapata nini ambacho siwezi kukipata kwa kukata tiketi? Kupanda jukwaani, kuingia chumba cha wasanii, kukaa kwenye mazoezi, hivyo vina thamani kwa anayeanza. Jina lako kwenye Instagram yao chini ya hashtagi ishirini halina.

Ukikataa, kataa vizuri: “Asante kwa kunikumbuka, bei yangu ni hii, bajeti ikipatikana nitafurahi.” Usiwatolee somo. Mji ni mdogo.

Mkataba ni lazima, au WhatsApp inatosha?

Karatasi iliyosainiwa ni bora, lakini ujumbe ulioandikwa na kujibiwa “sawa” ni bora kuliko makubaliano ya mdomo kwenye kelele. Andika tarehe na mahali, saa za kuanza na kumaliza, bei na kianzio, idadi ya picha na siku ya kukabidhi, zitumike wapi, na shoo ikiahirishwa kianzio kinakwendaje. Mvua za masika zimeua shoo nyingi za wazi, usijifanye hujui.

Picha nikishauza ni ya nani?

Hapa ndipo Tanzania na Kenya zinapokutaka uwe macho. Hakimiliki ya picha inaanza pale unapoipiga. Huhitaji kuisajili ndipo iwe yako. Kwa Tanzania Bara sheria ni ile ya mwaka 1999, na ofisi inayohusika ni COSOTA, ambako unaweza kusajili kazi zako ili uwe na ushahidi wa ziada. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kwamba haki zake zimehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Maana yake ukipiga shoo Nairobi bila maandishi, promota anaweza kuziuza picha zako kwa mdhamini na wewe ukawa huna la kusema. Sentensi moja inaziba tundu hilo: “Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, mteja anaruhusiwa kutumia picha kwa ajili ya kutangaza shughuli hii kwa mwaka mmoja.”

Jihadhari pia na fomu za timu za wasanii wakubwa zinazotolewa getini dakika za mwisho. Baadhi zinasema picha zote ni za msanii, milele, bila malipo. Isome. Kama hulipwi na picha si zako, unafanya nini pale?

Mashabiki na watoto wanaoonekana kwenye picha?

Umati kwa mbali hauna shida kubwa. Uso wa mtu mmoja, hasa ukitumika kutangaza biashara, unahitaji ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019, na si ya mapambo. Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mtoto, muulize mzazi. Mtu aliyelewa, mwache.

Nikabidhi picha ngapi, na lini?

Picha tano kabla ya saa nne asubuhi ya kesho yake. Zilizobaki ndani ya siku tatu. Shoo ya Jumamosi inasemwa Jumapili, na Jumatano imeshazikwa. Ukiwa wa kwanza kutuma, ni zako zitakazowekwa kila mahali. Idadi ya mwisho, picha 40 hadi 60 kwa shoo moja zinatosha. Kutuma mia tano ni kumpa mteja kazi uliyolipwa kuifanya wewe.

Jambo hili halikuanza na mtandao. Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali, miaka ya 1960, alikuwa akizunguka kwenye dansi za vijana usiku, anasafisha filamu alfajiri, halafu anabandika picha ndogondogo kwenye karatasi nje ya studio yake ili waliocheza wapite kujitafuta na kuagiza. Mwaka 2007 akapewa tuzo ya sanaa ya Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake, mpiga picha wa kwanza kuipata. Mtazame na Jean Depara pia, mzaliwa wa Angola aliyepiga usiku wa Kinshasa enzi za rumba ya Franco. Wote wawili walirudi kwenye kumbi zilezile na watu walewale, miaka nenda rudi.

Vifaa navitunzaje kwenye joto na chumvi ya pwani?

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi ukaingia nje Zanzibar mwezi wa Februari, lenzi inafunga ukungu papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa robo saa au zaidi ipate joto taratibu. Nyumbani, boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana na vipakiti vya silika. Kuvu hupenda kabati la nguo. Baada ya kazi ya ufukweni futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Picha zenyewe ziwe na nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba yako. Usifute kadi kabla nakala ya pili haijawepo.

Masikio yangu yanapiga kelele baada ya shoo. Ni kawaida?

Ni kawaida na ni hatari. Kiwango kinachohesabiwa salama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo mbele ya spika ni jambo la kila wikiendi, una kama robo saa. Vaa viziba masikio. Ni bei ya soda chache.

Kazi ni za usiku na mimi ni mwanamke. Unanishauri nini?

Wanaofanya wapo na wanafanya vizuri. Wanayoniambia ni haya: nauli ya kurudi iwe sehemu ya mkataba, dereva awe unayemjua, kamera isibebwe shingoni nje ya geti, na mtu mmoja nyumbani ajue uko ukumbi gani. Mazungumzo ya kazi yafanyike mchana, mahali pa wazi. Meneja anayesisitiza mkutane hotelini saa nne usiku kuzungumzia picha hana kazi ya picha. Na wanaume nasi tuwe na adabu pale mbele. Mwenzako akibughudhiwa na shabiki, simama karibu naye.

Nahitaji TIN, namba ya mlipakodi?

Ndiyo, na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hawatozi kuitoa. Makampuni hayakulipi bila hiyo. Yakikulipa kwa huduma yatakata kodi ya zuio ya asilimia 5; dai cheti chake, kinapunguza kodi yako ya mwaka. Shoo za baa zitalipa kwa simu bila karatasi, lakini nawe weka daftari.

Droni?

Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, kwanza, na bima. Juu ya umati usiirushe.

Nijifunze video pia, au nibaki na picha?

Wateja watakuomba, hilo ni hakika, na wengi watadhani ni kitu kimoja kwa bei moja. Si kimoja: huwezi kufyatua picha na kushikilia video tulivu kwa wakati mmoja, utaharibu vyote viwili. Ukitaka kuuza video, tafuta mwenzako, mgawane kazi, na muandike bei mbili kwenye ankara moja. Kipande cha sekunde kumi na tano cha sebene kwa ajili ya simu unaweza kukitupia kama nyongeza, ilimradi umeshaipata picha uliyolipwa kuileta.